Sekunde Mbili za Shikamoo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na walioshinda, asifiwe pia na sisi tulioishiwa muda huku tukiongoza!

Mzee wetu wa jumuiya ameniomba ushuhuda huu niuandike badala ya kuusema. Sababu mnaijua. Mara ya mwisho nilipopewa dakika tano za kushuhudia nilitumia ishirini na tano, chai ikapoa, na viazi vya Mama Sifa vikawa vigumu kama mawe ya mtoni. Nimekubali kuandika. Anayetaka kunikatiza safari hii afunge karatasi.

Mimi ni Mama Upendo, mke wa Baba Upendo fundi ujenzi, mshonaji wa sare na magauni, nyumba ya tatu ukiteremka kutoka kwenye mfereji. Wengi wenu mnanifahamu kwa kutoonekana kwangu. Ni mtu wa ndani. Sokoni naagiza, harusini natuma zawadi, na ile baridi ya mwezi wa saba ikishuka na ukungu wake, hata kuku wangu huniona kwa nadra. Cherehani yangu iko dirishani, na hapo dirishani ndipo mtandao unapokamata. Ndugu zangu, shetani hakuhitaji kunitafuta mbali. Alinikuta nimekaa.

Nilipokuwa kidato cha pili, huko bwenini, mwalimu mmoja alitufundisha chesi. Ni mchezo wa ubao wenye mirabaraba kama wa drafti, ila kete zake zina vyeo: mfalme, malkia, maaskofu, farasi, ngome, na askari wadogo wanaotangulia kufa. Ubao wetu ulipungukiwa farasi mmoja, tukaweka kizibo cha soda. Nilimpenda sana yule kizibo. Nikamaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikazaa, chesi nikaisahau kabisa, mpaka miaka miwili iliyopita binti yangu Upendo aliponiwekea ule mchezo kwenye simu akisema, "Mama, utajichangamsha." Nilichangamka!

Na kabla hamjaanza kunong'ona, si kamari. Tumelizungumza na mzee wa jumuiya likaisha. Hakuna senti inayotoka wala kuingia. Kinachotoka ni akili.

Kwa msiojua, mambo yako hivi. Simu inakukutanisha na mtu usiyemjua, labda yuko nchi ambayo bendera yake hujawahi kuiona. Kila mmoja anapewa dakika tatu kwa mchezo mzima, na kila ukisogeza kete unaongezewa sekunde mbili. Dakika zako zikiisha umeshindwa, hata kama umemzunguka mwenzako pande zote. Ukishinda, namba yako inapanda. Ukishindwa, inashuka. Namba yangu ilikuwa mia tisa na kidogo. Nilitaka elfu moja, basi! Sikuomba ubingwa wa dunia. Kwa miaka miwili niliiona elfu moja kama Musa alivyoiona Kanaani, kwa mbali, akiwa juu ya mlima, akijua kabisa hataingia.

Nilifanya kila kitu, ndugu zangu. Nilitazama mafunzo ya video mpaka pasi ikaunguza sketi ya mtoto wa mwalimu mkuu. Niliandika hatua za kuanzia kwenye daftari la vipimo vya wateja, matokeo yake kuna mama wa Bumbuli ambaye kiuno chake kimeandikwa "farasi atoke upande wa kulia". Nilijaribu kucheza haraka zaidi, nikashindwa haraka zaidi. Nilijaribu kucheza baada ya chai, kabla ya chai, badala ya chai. Nimefunga na kuomba, na hapa naungama mbele yenu: siku moja niliomba mtandao wa mwenzangu ukatike. Ukakatika wangu.

Mia tisa na arobaini. Mia tisa na kumi. Mia tisa sitini na tano, moyo ukadunda! Jioni yake mia nane na tisini. Nilikuwa kama mtu anayepanda mlima wa Mgambo wakati wa mvua, hatua moja mbele, mbili nyuma, na tope mpaka magotini.

Ubaya haukuwa kushindwa. Ubaya ulikuwa mdomo wangu. Mimi ambaye kwenye kwaya naimba sauti ya pili bila kumsumbua mtu, nikikaa mbele ya simu ile nilitukana kama utingo wa lori. Nilimtukana mwenzangu, nikaitukana saa, nikaitukana bendera ya watu. Kuku walikuwa wakisikia nikisema "Haya, mmoja tu wa mwisho" wanaondoka wenyewe uani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana naona karatasi inakwenda.

Mnajua zamu zetu za maji. Kiangazi mfereji unakuwa mwembamba kama kamba, na kila nyumba ina zamu yake. Shamba la mama mkwe wangu liko juu yetu, la Mama Sifa liko chini yetu. Mama akimaliza kumwagilia, anasimama kwenye ukingo wa tuta la juu, anaita mara tatu. Ukiitika, anaziba kwake na maji yanakuja kwako. Usipoitika mara ya tatu, maji yanapita yanakwenda kwa anayefuata, na wewe unangoja zamu irudi, siku kumi na mbili. Sheria hiyo ni ya zamani kuliko simu, ni ya zamani kuliko hata barabara. Hakuna kubishana nayo.

Mwaka huu mama aliniotesha miche ya kabichi. Hakuniuzia, wala sikumwomba. Ni mwanamke wa miaka sabini na nne, magoti yanamuuma, lakini aliinama kitaluni mwake wiki sita, akaing'oa mmoja mmoja na udongo wake, akaniletea kwenye ungo umefunikwa kwa majani ya mgomba. Akasema, "Panda matuta manne. Nitakupa maji keshokutwa." Nikapanda. Hata mimi mtu wa ndani nilitoka nje nikapanda.

Keshokutwa ikafika, mchana, baada ya chakula. Nimekaa dirishani na simu, nangoja kuitwa. Nikasema, mmoja tu wakati nangoja.

Mwenzangu siku hiyo aliweka picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe. Nilimshika vizuri kabisa! Nilikuwa na kete nyingi kuliko yeye, na saa yake ilikuwa imebaki sekunde tisa. Lakini yule mzee, kila nikidhani amekwisha, anasogeza mfalme wake hatua moja, anaongezewa sekunde mbili zake, anaishi. Anasogeza, anaishi. Sekunde tisa zikawa kumi na moja! Nikasikia kwa mbali sana kama mtu anaita huko juu. Nikajiambia, hiyo ni mara ya kwanza. Halafu nikasikia tena. Nikasema, bado moja. Halafu, ndugu zangu, sikusikia kitu, kwa sababu farasi wa yule mzee aliruka kutoka nisipopatazama, akamwondoa malkia wangu ubaoni.

Nikainuka kwenye kiti. Nikapiga meza ya cherehani. Nikapaza sauti ambayo nadhani hata kule kijijini Mtae waliisikia:

"Mzee huna haya wewe! Hata kufa hutaki! Kufa basi tupumzike!"

Nikageuka. Mama mkwe wangu amesimama mlangoni.

Jembe begani, miguu ina tope, khanga imelowa mpaka magotini. Mnajua kwa nini alikuwa mlangoni? Aliita mara tatu, sikuitika. Kwa sheria alitakiwa kuyapitisha maji kwa Mama Sifa na kuendelea na kazi zake. Hakuyapitisha. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika kijiji hiki aliivunja sheria ya mfereji, akayazuia maji kwa jiwe, akateremka na magoti yake yale, kuja kuangalia kama mkwewe ameanguka ndani peke yake. Akakuta napiga meza nikisema afe tupumzike.

Nikasema, "Shikamoo, mama."

Hakujibu. Akanitazama, akaitazama ile simu, akageuka, akapanda kilima polepole. Baada ya muda nikasikia maji yakipita pembeni ya shamba langu, yakienda kwa Mama Sifa.

Ndugu zangu, mmewahi kutoa shikamoo ikaanguka chini? Mtu anaweza kukunyima chumvi, anaweza kukunyima jembe, ukaishi. Kunyimwa marahaba na mama wa mume wako, katika milima hii, ni kama kuambiwa huna jina. Kesho yake nilipanda asubuhi kwenda kwake. "Shikamoo, mama." Kimya. Anapepeta maharage. Nikaona nieleze, maana mimi na kidato changu cha nne tunaamini kila kitu kinaelezeka.

"Mama, sikukuambia wewe. Nilikuwa namwambia mzee mmoja wa kwenye simu."

Mikono ikasimama juu ya ungo.

"Kumbe kuna mzee kwenye simu."

"Si mzee hivyo, mama! Simjui! Tunakutana tu dakika tatu!"

Nisikieni, wenzangu: kama una tope mguuni, usijipanguse kwa mkono huohuo utakaojifutia uso. Mama akaanza kuongea Kishambaa, na mama akiacha Kiswahili ujue amekitafuta akakiona hakitoshi kubeba mzigo. Mimi wa Bumbuli ni Mshambaa kama yeye, nilielewa kila neno, na hakuna hata moja ninaloweza kuliandika kwenye karatasi ya jumuiya. Nilishuka kilima nimejifunika khanga kichwani.

Jioni Baba Upendo akapiga simu kutoka Mtae, alikokuwa anajenga vyumba vya mtu.

"Mama Upendo."

"Abee."

"Umemwambia mama afe?"

"Hapana!"

"Na huyo mzee ni nani?"

Nikamweleza. Kukawa kimya kirefu, nikadhani mtandao umekatika. Kumbe mume wangu alikuwa anacheka, ameziba simu kwa mkono ili mafundi wenzake wasimsikie. Akasema atakuja Jumamosi. Akasema pia, na hilo hakulicheka, "Lakini kwamba hukumwitikia, hilo ni kweli?"

Ni kweli.

Siku zile zilikuwa ndefu. Miche haingoji radhi ya mtu, ilianza kulala chini. Nikabeba maji kwa ndoo kutoka chemchemi, mimi ambaye hata kwenda dukani huwa naona ni safari. Ndoo tuta moja, ndoo tuta moja, na jua la kiangazi linakausha nyuma yangu kabla sijarudi na nyingine. Tuta la kwanza lilikufa. La pili likawa linakwenda. Siku ya nne nilikaa chini katikati ya kabichi, tope kwenye gauni, nikalia kwa sauti. Nikasema, "Bwana, sitaki elfu. Weka elfu yako. Nirudishie marahaba yangu." Sikuwa nimewahi kuomba maombi mafupi hivyo maishani. Sijui kama malaika walinitambua.

Na simu je? Mtauliza kama niliacha. Ningependa kuwaandikia kwamba niliitupa chooni, ushuhuda ungependeza. Ndugu zangu, siku hiyohiyo jioni nilicheza michezo minne. Nikashindwa yote. Tuseme ukweli, shetani ashindwe.

Jumamosi Baba Upendo akafika, vumbi la njia ya Mtae mpaka kwenye kope. Hakukaa kwangu, alinichukua moja kwa moja mpaka jikoni kwa mama yake. Tukakaa watatu kwenye vigoda, moto katikati. Nikatoa shikamoo. Ikaanguka.

Baba Upendo akasema, "Mama, huyo mzee yupo, lakini ni wa mchezo. Mkwe wako ataucheza hapa mbele yako, uone kwa macho."

"Mimi nione nini?"

"Uone tu, mama. Dakika tatu."

Nikacheza. Mtandao wenyewe unaingia na kutoka chini ya bati la jiko lile, na mama mkwe amenikalia begani kama mkaguzi wa shule. Halafu udadisi ukamshinda.

"Huyu mwenye taji?"

"Ndiye malkia, mama. Huyo ndiye mwenye nguvu."

"Mwanamke?"

"Ndiyo."

"Na mume wake?"

"Yule pale. Anajificha pembeni, anasogea hatua mojamoja."

Mama akamtazama mwanawe, akasema, "Ni kweli kabisa mchezo huu." Baba Upendo akakohoa moshi.

Mwenzangu akasogeza askofu wake. Mimi nikasogeza farasi wangu papo hapo, maana nilikuwa na mpango wangu. Mama akanyoosha kidole, nusura aguse kioo.

"Huyu mwenye kofia iliyochongoka amekuja."

"Nimemwona, mama."

"Amekuja kufanya nini?"

"Sijui, mama, nina haraka, nataka kumfunga mfalme wao kule."

"Mtu amekuja mpaka mlangoni kwako, hujui amekuja kufanya nini?"

Na yule askofu, mbele ya macho yetu watatu, akapita mstari wake wa mshazari, akamchukua malkia wangu.

Nilifungua mdomo kutukana. Nikaufunga. Kisha mama akasema, taratibu, akiangalia jiko na si mimi:

"Hukumsalimia. Mtu akija unamwuliza habari za atokako, habari za watoto, na shida iliyomleta. Ndipo unaendelea na lako. Wewe umemwona mlangoni, ukaendelea na lako. Ndivyo ulivyonifanya mimi."

Ndugu zangu, video zote zile! Daftari lile! Miaka miwili ya kujua majina ya mitego ya wazungu, na ugonjwa wangu ukatajwa na bibi ambaye hajui hata farasi anavyotembea! Ni kweli kabisa. Katika michezo mia yote niliyoshindwa, sikuwa namtazama mwenzangu. Akicheza, mimi nacheza langu. Sikuwahi hata siku moja kuuliza: wewe uliyesogea, umekuja kufanya nini? Na simu yenyewe ilikuwa inanipa sekunde mbili kila zamu! Sekunde mbili zinatosha kabisa kusema shikamoo na kuitikiwa. Nilizipokea mara elfu nyingi, nikazitumia kutukana.

Nikapiga magoti pale kwenye majivu. "Nisamehe, mama. Shikamoo."

Akageuza kuni. Akasema, "Nimesikia. Marahaba yako iko kwenye mfereji. Zamu ikirudi, nitaita."

Nikamtazama mume wangu anisaidie. Alikuwa anajificha pembeni, hatua mojamoja.

Basi wiki ile nikawa mtu wa ajabu. Mteja akigonga nilikuwa nainuka kabla hajamaliza kugonga. Mama Sifa alidhani nimeahidiwa kitu. Na kwenye simu nikaanza kusalimia. Askari wao akisogea hatua moja, nasema kwa sauti, "Karibu, habari za huko, umekuja na shida gani?" Na kumbe walikuwa na shida! Karibu kila mmoja alikuja na jambo, na wengi walilisema waziwazi, ni mimi tu sikuwa nauliza. Huyu anamtaka farasi wangu. Huyu anamfungulia njia mwenzake wa nyuma. Huyu hana lolote, amepotea njia kama mimi. Mia tisa na ishirini. Mia tisa hamsini. Mia tisa themanini na nane! Sijawahi kufika huko tangu nizaliwe! Mia tisa tisini na sita!

Na siku ya maji ikafika.

Mtaniuliza: mwanamke, siku ya maji, simu inafanya nini mkononi mwako? Nashuhudia kwamba nilikombolewa, sishuhudii kwamba nilipewa akili mpya. Mama humaliza saa kumi. Ilikuwa saa nane na nusu. Jembe nilikuwa nimeliweka mlangoni, viatu vya shamba nimevaa ndani ya nyumba. Nikasema, huu mmoja tu, kwa utulivu, kwa salamu.

Nilicheza vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Nilimsalimia kila aliyekuja. Nilichukua ngome yao, nikachukua na ya pili. Malkia wangu mzima, mfalme wao yuko uchi pembeni. Ilibaki hatua tatu nimfunge, nimezihesabu, nimezihakiki, na baada ya hapo ni elfu moja na kitu. Sekunde zangu arobaini, zake sita. Kanaani ilikuwa pale, nasikia hata harufu ya maziwa.

"Mama Upendooo!"

Saa nane na nusu! Amemaliza mapema! Au hakumaliza, alikuwa ananipima, mpaka leo hajaniambia.

Ndugu zangu, ilikuwa sauti ya kwanza. Zilibaki mbili. Hatua tatu kwa sauti mbili, hesabu inakubali kabisa! Mwenye kidato cha nne yeyote angeona inakubali. Na nilikuwa nimesimama tayari, kidole juu ya malkia. Ila nikaona kama naona mlangoni, khanga imelowa mpaka magotini. Amekuja kufanya nini?

"Abee, mama!"

Sijui nilivyoitupa simu. Baadaye niliikuta kwenye kikapu cha vitambaa. Nilichukua jembe nikapanda kile kilima, mimi mtu wa ndani, pumzi inaniishia, kiatu kimoja mguuni, maana kile kingine cha shamba kilichomoka uani na sikurudi kukifuata. Mama amesimama ukingoni na jiwe lake mkononi.

"Shikamoo, mama."

Akanitazama miguu. Akanitazama uso.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Kisha akasema, "Ulikuwa unashinda?"

"Nilikuwa nashinda, mama."

"Pole." Akainama, akaondoa jiwe, maji yakaja.

Niliporudi, matuta yamelowa mpaka chini, simu ikaniambia nimeishiwa muda. Mia tisa themanini na nane. Nililia kidogo, siwafichi. Nililia nikicheka.

Bwana ni mwema! Matuta mawili ya kabichi yako hai, mkipita mtayaona, makubwa kama vichwa vya watu wenye maswali. Elfu moja nilifika, siku nyingine, Jumanne ya kawaida tu, hakuna aliyepiga ngoma. Jioni ile ile nikashuka mpaka mia tisa themanini na saba, na nipo hapo mpaka ninapoandika. Mama mkwe wangu sasa anateremka kila Alhamisi kutazama. Hajui kucheza wala hataki kujua. Anakaa nyuma yangu na kikombe chake cha chai na kunipigia kelele, "Msalimie! Msalimie kwanza! Huyo wa kushoto hujamsalimia!" Nachanganyikiwa, nashindwa, ananiambia sina adabu. Huo ndio ukombozi wangu, ndugu zangu, naubeba na kelele zake. Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye mia nane tisini na kwenye mdomo wangu mchafu, namshukuru mume wangu aliyekuja kutoka Mtae na vumbi lake, nawashukuru nyinyi mliovumilia viazi vile.

Na wewe unayesoma, ambaye huchezi chesi na unamshukuru Mungu kwa hilo: sijui umeshika nini mkononi. Labda si simu, labda ni hasira, labda ni biashara, labda ni mpango mzuri kabisa unaobakiza hatua tatu. Yuko anayekuita kutoka juu. Naye hakuiti ili akunyang'anye ushindi, anakuita kwa sababu maji yako yamefika. Usipige hesabu ya sauti zilizobaki kama nilivyopiga mimi. Mwamini, uitike ya kwanza.

Nilitaka kuongeza neno kuhusu subira, lakini leo tena ni siku yetu ya maji, na nasikia huko juu kama mtu anasafisha koo.

Abee, mama! Nakuja!